Lutuku si pombe ya mababu

Katanga wanaiita lutuku, Kivu wanaiita kanyanga, na wengi husema ni urithi wa mababu. Sivyo. Mababu zetu walijua kuchachusha, kutonesha hawakujua.

Tazameni kasiksi. Ndizi zinavundikwa siku kadhaa mpaka ziive sana, zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa. Baada ya siku mbili tatu pombe iko tayari. Nguvu yake ni kidogo, tena haikai: inageuka kuwa chungu upesi. Kwa hiyo mwenye mtungi alilazimika kuwaita jirani. Hata pombe yenye sukari nyingi haiendi mbali, maana ikikaribia alkoholi asilimia 15 chachu yenyewe inakufa.

Kupita hapo kunahitaji moto. Alkoholi huchemka kwenye digri 78, maji kwenye 100. Basi mvuke wa kwanza ukipozwa unakuwa pombe kali. Al-Kindi wa Baghdad aliandika habari hizo katika karne ya 9. Katika karne ya 12 waganga wa Salerno, Italia, waliyatumia maji hayo kama dawa. Baadaye dawa ikawa biashara, na merikebu zikaleta jini pwani ya Afrika.

Mwaka 1890, huko Bruxelles, mataifa yaliagana kuzuia pombe hiyo kati ya digri 20 kaskazini ya Ikweta na 22 kusini. Kongo nzima imo humo. Mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya 1919 yakakaza zaidi: hata kuitengeneza humo ni marufuku. Lakini serikali iliachiwa ruhusa ya kuingiza kiasi kwa wasio wenyeji! Mzungu wa Elisabethville akanywa konyaki yake kwa haki. Mkongomani akitonesha chupa moja, ni kosa. Kwa siri, basi, lutuku ya mahindi na muhogo ikaenea.

Tena lutuku haigeuki chungu. Inawekwa, inauzwa kwa kikombe, inanywewa peke yako. Mama wengi wamelipa pesa ya masomo ya watoto kwa kikombe hicho; siwezi kuwadharau.

Lakini pipa lake, je? Mara nyingi lilibeba petroli au dawa za kiwanda. Na wapo wanaomwaga matone ya kwanza wakidhani sumu yote imekwisha kutoka. Metanoli huendelea kutoka pamoja na matone yanayofuata.