Ufuatiliaji wa magonjwa

Mbuzi watano wakitupa mimba ndani ya wiki moja katika zizi huko Mgori, mkoani Singida, mwenye zizi anaona hasara. Kwa afisa mifugo hiyo ni taarifa: zizi la nani, kijiji gani, tangu lini. Taarifa kama hizo, zikikusanywa mfululizo, zikachambuliwa na majibu yakawafikia wanaopaswa kuchukua hatua, kazi hiyo huitwa ufuatiliaji wa magonjwa. Maana hiyo iliwekwa bayana mwaka 1963 na Alexander Langmuir, mtaalamu wa epidemiolojia wa Marekani.

Wataalamu wetu walifanya vyema kutosema upelelezi. Neno hilo linanuka polisi, na mtu anayehisi anapelelezwa humficha mgonjwa wake ndani. Hata hivyo neno ufuatiliaji lina upungufu: anayefuata yuko nyuma, ilhali shabaha ya kazi hii ni kuuwahi ugonjwa. Ndiyo maana huambatana na istilahi nyingine, utambuzi wa mapema wa mlipuko.

Utambuzi huo hutegemea kizingiti. Kila wiki zahanati hutuma idadi ya wagonjwa wilayani. Kwa malaria, idadi hiyo hulinganishwa na ya wiki hiyohiyo katika miaka iliyopita. Ikivuka kiwango kilichowekwa, tahadhari hutolewa. Kipindupindu hakisubiri hesabu: mgonjwa mmoja akithibitishwa na maabara, huo ni mlipuko. Sifuri nayo hutumwa, kwa kuwa zahanati iliyonyamaza huenda haina wagonjwa, au haina mtu wa kuripoti.

Gharama ya kuchelewa tunaijua. Mwishoni mwa 2006, wanasayansi wa NASA waliokuwa wakipima joto la bahari, mvua na uoto kwa setilaiti walitahadharisha kuhusu homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu mvua zikizidi, Afrika Mashariki. Lakini hatua zilichelewa, na Desemba homa hiyo ikaibuka Garissa, Kenya. Mwaka 2007 ikaingia Tanzania, Singida ikiwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini. Homa hii mara nyingi hutangulia kwa mifugo, na dalili yake kubwa ni mimba kutoka kwa wingi.

Mfugaji, ukiona hivyo usichinje wala kugusa kwa mikono mitupu kijusi kilichotoka. Mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Na mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.