Pampu ya Joto: Historia ya Dhana na Uteuzi wa Istilahi

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya ujenzi ni ile ya mtambo mmoja unaopasha vyumba joto, unaovipoza na unaopasha moto maji ya kuogea katika majengo ya ghorofa. Mtu aweza kuuita "kizalisha joto", au "pampu ya joto". Tunakusudia kuonyesha kwamba historia ya mtambo wenyewe yatuelekeza kwenye jina la pili.

Mwaka 1834 Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza barafu. Ndani ya mashine ya aina hiyo kiowevu huvukizwa na kufyonza joto. Kisha mvuke hushindiliwa ukarudi kuwa kiowevu, na hapo hulitoa joto lile mahali pengine. Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Kelvin, alionyesha kwa hoja za fizikia kwamba joto la hewa ya nje laweza kuhamishiwa ndani ya nyumba.

Utekelezaji ulichukua muda. Mwaka 1938 mtambo wa namna hiyo ulifungwa katika jumba la baraza la mji wa Zurich, Uswisi, ukachota joto katika maji ya mto Limmat. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, nchi nyingi ziliugeukia. Katika miaka ya 1980 Stockholm ilijenga mitambo mikubwa inayochota joto katika maji ya bahari na kulipeleka kwa mabomba hadi katika majengo ya ghorofa.

Katika habari zote hizi hapana joto lililochotwa mtoni au baharini ambalo mtambo ulilizalisha. Neno "kizalisha" humfanya msomaji aulize ni kuni gani zinazochomwa. Pampu ya kisima, kwa upande wake, haitengenezi maji. Huyainua kutoka chini kuyapeleka juu. Vivyo hivyo mtambo huu huliinua joto kutoka penye ubaridi hadi penye joto zaidi. Hata kiyoyozi tulichokizoea Afrika Mashariki hufuata kanuni hiyo: apitaye nyuma yake huliona joto la chumbani likitupwa njiani, joto ambalo lingeweza kupasha moto maji ya wapangaji.

Suala hili si la wanalugha peke yao. Kwa kipimo kimoja cha umeme pampu ya joto yaweza kutoa vipimo vitatu vya joto, viwili vikiwa vimechotwa nje. Mfasiri akiandika "ufanisi wa asilimia 300", msomaji ajuaye fizikia atadhani ni kosa la chapa. Na mtumishi wa serikali anayelinganisha zabuni aweza kuchagua hita ya kawaida ya umeme, ambayo hutoa kipimo kimoja tu kwa kimoja, na wapangaji wakalipia kosa hilo kila mwezi.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. pampu ya joto: mtambo unaohamisha joto kutoka penye ubaridi hadi penye joto zaidi;
2. hita: kifaa kinachozalisha joto kwa umeme au kwa kuchoma kitu;
3. uwiano wa utendaji: joto linalotolewa likigawanywa kwa umeme unaotumika.

Neno "ufanisi" libakizwe kwa vipimo visivyozidi asilimia 100.