Kwa nini harufu ya mkojo wa paka hairudi nyuma? Historia fupi

Umefua zulia mara mbili, umelianika juani siku nzima, umefukiza na udi juu yake. Siku mbili tatu nyumba inanukia vizuri. Halafu mvua inanyesha, unyevu unapanda, na ile harufu hiyoo, imerudi. Kama unafuga paka dume, unajua tunazungumzia nini. Leo tuitazame harufu hii kihistoria, maana bila kujua inatoka wapi utaendelea kupigana na adui asiye mwenyewe.

Tuanzie Roma. Kwa Warumi, mkojo ulikuwa kama sabuni. Madobi wao, ambao karakana zao zimefukuliwa Pompeii, walizikanyagakanyaga nguo ndani ya mkojo uliovunda. Mkojo ukikaa, bakteria huivunja urea iliyomo na kutoa amonia, na amonia hung'oa mafuta kwenye kitambaa. Biashara hii ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kaisari Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79, aliitoza kodi. Ule ukali wa kwanza unaokuchoma puani ni amonia hiyohiyo. Lakini amonia ni gesi, hupaa ikaisha. Siyo yenyewe inayorudi baada ya wiki tatu.

Twende karne ya 18. Mwaka 1773 Mfaransa Hilaire Rouelle aliitenga urea kutoka kwenye mkojo. Hii haina shida: lita moja ya maji inayeyusha zaidi ya kilo nzima. Miaka mitatu baadaye, huko Sweden, Carl Wilhelm Scheele alichunguza mawe ya kibofu akapata asidi ya yuriki. Hii ni ngumu kweli: lita moja ya maji inayeyusha takriban miligramu 60 tu. Ndiyo maana mpaka leo utaambiwa kwamba harufu ya paka haitoki kwa sababu ya fuwele za asidi ya yuriki.

Maelezo matamu, ila yana kasoro. Mawe ya Scheele yalitoka kwa binadamu. Sisi na sokwe tulipoteza kimeng'enya kiitwacho yurikesi. Paka bado anacho, na sehemu kubwa ya asidi hiyo huigeuza kuwa alantoini, ambayo huyeyuka kwa urahisi zaidi. Yaani tumemsingizia paka kesi yetu wenyewe!

Mhusika halisi alianza kujulikana mwaka 1953, pale R. G. Westall aliporipoti asidi amino mpya yenye salfa ndani ya mkojo wa paka. Ikaitwa felinini. Felinini haina harufu ya kutisha. Balaa ni kwamba huvunjika polepole, siku baada ya siku, ikitoa kemikali za salfa ambazo pua huzinasa hata zikiwa kidogo sana. Mwaka 2006, Masao Miyazaki na wenzake nchini Japani walionyesha kuwa protini ya figo iitwayo koksini ndiyo inayosimamia utengenezaji wake, na kwamba dume asiyehasiwa huwa nayo kwa wingi zaidi. Kwa paka, hiyo ni barua kwa majirani. Kwako wewe, ni godoro lililoharibika.

Sasa dawa yake? Nayo ina historia. Mwaka 1913 Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya kufulia kwa vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Sabuni za unga zenye vimeng'enya zimetokana na wazo hilo, nazo husaga protini. Kwa salfa, tunamshukuru mkemia wa Marekani, Paul Krebaum. Mwaka 1993 alichapisha mchanganyiko wa kuondoa harufu ya skanki, mnyama mwenye milia na uvundo kama kicheche wetu: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, magadi ya kuokea na sabuni kidogo ya maji. Oksijeni hushambulia salfa na kuigeuza kitu kisichonuka.

Kwa hiyo nyumbani fanya hivi. Nyonya mkojo kwa kitambaa kikavu, usisugue. Suuza kwa maji baridi. Loweka kwa sabuni yenye vimeng'enya kwa saa kadhaa, kisha suuza tena. Kama harufu bado ipo, tumia mchanganyiko wa Krebaum, ila ujaribu kwanza kwenye pembe iliyojificha, maana peroksaidi hupausha rangi. Usiufungie kwenye chupa: hutoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

Na hapa nakuomba usikilize vizuri. Usimwage dawa ya klorini ya kupaushia nguo juu ya mkojo, wala usiichanganye na kisafishio chenye amonia. Klorini na amonia hutoa gesi za kloramini zinazounguza mapafu, na chumba kidogo chenye madirisha yaliyofungwa ndipo mahali pabaya zaidi pa kufanyia jaribio hilo.

Mwisho, kabla hujamfukuza paka, mpeleke kwa daktari wa mifugo ahasiwe. Felinini itapungua kutoka kwenye chanzo chake. Na kama ghafla ameanza kukojoa ovyo, mwambie daktari: huenda anaumwa njia ya mkojo, wala siyo jeuri.