Wyoming, Nchi ya Wapita Njia

Atazamaye ramani ya Marekani haoni tabu kulitambua jimbo la Wyoming, kwani mipaka yake yote minne imenyooka, haikufuata mto wala safu ya milima, bali ilipigwa kwa mistari ya latitudo na longitudo huko Washington. Ndani ya mstatili huo wa kilomita za mraba zipatazo 253,000, eneo linaloipita kidogo Uingereza nzima, hesabu ya mwaka 2020 ilikuta watu 576,851 tu, na hapana jimbo jingine katika taifa lile lenye watu wachache kuliko hao.

Ajuaye tabia ya nchi yenyewe hatastaajabu. Mashariki ni mbuga kavu za majani. Magharibi ni Milima ya Rocky, ambako kilele cha Gannett chafikia mita 4,209. Na katikati liko bonde pana ambalo maji yake hayaendi bahari yoyote, hukaukia papo hapo, ilhali mito iliyo jirani huteremka ama upande wa Pasifiki ama upande wa Ghuba ya Meksiko. Baridi ni ndefu, na upepo hauna mzaha: kando ya barabara kuu zimesimamishwa nyua ndefu za mbao ili theluji isizike njia.

Kwa hiyo wengi waliofika walikuwa wapita njia. Tangu miaka ya 1840 misafara ya magari ya kukokotwa na ng'ombe ilipenya katika South Pass, mwanya mpana usio na mteremko mkali, ikielekea Oregon, Kalifornia na Utah. Wasafiri wakachonga majina yao juu ya jabali la Independence Rock, ambako yangali yasomeka, kisha wakashika njia yao. Wenyeji waliokuwa na maskani yao huko, Washoshone, Waarapaho, Wacheyenne, Wacrow na Walakota, waliona nyati wakitoweka na ahadi zikivunjwa. Washakie, mkuu wa Washoshone, mtu mwenye busara na hadhari, alipata kwa mkataba wa mwaka 1868 ardhi ya Wind River. Miaka kumi baadaye serikali ikawaleta hapo hapo Waarapaho, mahasimu wao wa zamani, na kabila hizo mbili zaishi pamoja hadi leo.

Reli ya Union Pacific ilifika Cheyenne mwaka 1867, na miji ikaota nyuma yake. Mwaka 1870 nchi nzima ilihesabiwa watu 9,118, na katika watu wazima wanaume walikuwa takriban sita kwa kila mwanamke mmoja. Miezi michache kabla ya hesabu hiyo, tarehe 10 Desemba 1869, Gavana John Campbell alitia sahihi sharia iliyoletwa barazani na William Bright, mwenye kilabu cha pombe, iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura na kushika vyeo. Nia hazikuwa safi zote. Wako waliotaka kuwavuta wanawake waje kukaa. Wako waliodai kwamba ikiwa mtu mweusi amepewa kura, mwanamke wa kizungu hawezi kunyimwa. Walakini sharia ilisimama, na jaribio la kuifuta mwaka 1871 lilishindwa kwa kura moja. Esther Morris alikuwa amekwisha kuwa hakimu wa South Pass City, na tarehe 6 Septemba 1870 bibi mzee Louisa Swain, aliyekuwa njiani, yasimuliwa, kwenda kununua hamira na chombo chake mkononi, aliingia kupiga kura mjini Laramie. Wanawake wa Utah walimtangulia kwa miezi kadhaa, lakini sharia yao ilikuja nyuma ya hii.

Hata hivyo, uhaba wa watu haukumfanya kila mgeni akaribishwe. Tarehe 2 Septemba 1885, huko Rock Springs, wachimbaji wa kizungu waliwavamia Wachina waliokuwa wakichimba makaa ya reli, wakawaua wasiopungua 28, wakayachoma moto makazi yao. Wala hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Mimi siwezi kuisoma taarikhi ya kura za Laramie bila kuikumbuka siku hiyo.

Wyoming ilipata kuwa jimbo tarehe 10 Julai 1890, ikikataa katakata kuiacha kura ya wanawake, na mwaka 1925 Nellie Tayloe Ross akawa gavana wa kwanza mwanamke Marekani. Leo yatoa makaa ya mawe mengi kuliko jimbo lolote jingine, nayo pia hupakiwa katika treni ndefu yakaenda zake mbali. Na kwa kuwa katiba ya Marekani hulipa kila jimbo maseneta wawili, watu hawa wasiofika laki sita wana sauti katika Seneti sawasawa na Wakalifornia milioni thelathini na tisa na ushei. Katika Baraza la Wawakilishi wana mjumbe mmoja tu.