Saa ya Kuzamia ya Seiko ya 1965 na Matoleo Yake Mapya

Mwaka 1965 kampuni ya Seiko ilitoa saa ya kwanza ya kuzamia kutengenezwa Japani. Waswisi walikuwa wametangulia kwa zaidi ya miaka kumi, maana Fifty Fathoms ya Blancpain na Submariner ya Rolex zilikuwa sokoni tangu miaka ya 1950. Saa hiyo ya Kijapani, ambayo wapenzi wa saa huiita 62MAS, ilikuwa na kasha la chuma cha pua lenye upana wa milimita 38 hivi, mashine yenye vito 17 inayojijaza ufunguo kwa mwendo wa mkono, na ilihimili maji hadi mita 150. Mgongoni ilichorwa pomboo. Wanachama wa msafara wa nane wa Wajapani wa utafiti huko Antaktika walizivaa kati ya 1966 na 1969. Huko, adui wa saa si kina cha bahari. Ni baridi, ambayo hufanya mafuta ya mashine kuwa mazito.

Kiungo muhimu kuliko vyote kwa mzamiaji ni pete inayozunguka kioo. Kabla ya kushuka, mzamiaji huizungusha mpaka alama yake ikutane na mshale wa dakika. Baada ya hapo kila anapotazama saa, anasoma kwenye pete dakika alizokaa chini. Katika 62MAS pete hiyo ilizunguka pande zote mbili. Ikigongwa na mtungi wa hewa au ukingo wa mashua, iliweza kusogea mbele, na mtu aliyekwisha kukaa dakika 30 chini akasoma 20. Kosa la namna hiyo ni la hatari sana, kwa kuwa linamwonyesha mtu muda ambao hana. Ndiyo maana pete za siku hizi huzunguka upande mmoja tu: zikigongwa, zinaongeza dakika zilizosomwa, na mzamiaji anapanda mapema kuliko ilivyohitajika. Kiwango cha kimataifa cha saa za kuzamia, ISO 6425, kilichotolewa mara ya kwanza 1982, kinadai kinga ya aina hiyo.

Kati ya saa ya kwanza na nakala zake, bahari ilifundisha mengi. Mwaka 1968 Seiko ilitoa saa ya mita 300 yenye mashine inayopiga mapigo 36,000 kwa saa. Mwaka huohuo ikapokea barua kutoka kwa mzamiaji wa Kure, mkoani Hiroshima, aliyesema kwamba saa zilizokuwapo hazistahimili kazi ya kina cha mita 350, kazi inayowalazimu watu kuishi siku nyingi ndani ya chumba chenye gesi ya heli. Chembe za gesi hiyo ni ndogo mno hata hupenya ndani ya kasha, na shinikizo likishuka huweza kung'oa kioo. Miaka saba ilipita kabla jibu halijapatikana: saa ya titani ya mita 600, iliyotoka 1975.

Toleo la kukumbuka 62MAS lilikuja 2017 kwa jina la SLA017, saa 2,000 tu. Umbo la uso lilifuatwa kwa heshima kubwa: alama za saa zile pana za mstatili, mishale ileile minene, kioo kilichoinuka kando kama boksi. Tofauti zimefichwa ndani. Kioo cha akriliki, kinachochubuka hata kwa mchanga, kimepisha kioo cha safiri. Mashine ya 8L35 inapiga mara 28,800 kwa saa badala ya 18,000, kifungo cha pembeni hukazwa kama skrubu, upana umefika milimita 39.9, na maji yanahimiliwa hadi mita 200. Anayeshika zote mbili mkononi huhisi upesi kwamba ile mpya ni nene na nzito zaidi.

Rangi za kung'aa gizani nazo zimebadilika kabisa. Za zamani zimegeuka manjano na hazina tena nuru ya kutosha. Za sasa hutokana na uvumbuzi wa kampuni ya Nemoto ya Japani wa 1993, usio na mionzi yoyote.

Saa nyingine ya Seiko iliyofuata umbo la 62MAS, SPB143 ya 2020, haikukusudiwa kuwa nakala kamili, na hapo ndipo ilipofanikiwa. Mashine yake ya 6R35 hukaa saa 70 bila kuvaliwa, na kwa kuwa haikutengenezwa kwa idadi maalumu, watu wa kawaida waliweza kuipata. Mwaka 2024 ikafuata SPB453, yenye kuhimili mita 300, mara mbili ya babu yake. Tarehe, iliyokuwa kwenye saa tisa tangu 1965, ilihamishiwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Badiliko hilo, dogo kuliko yote, ndilo linalovunja ulinganifu wa uso uliodumu kwa zaidi ya nusu karne.