Leza ya nywele kwenye ngozi iliyozoea mkorogo: mambo ya kujua kabla ya kuondoka Rusizi

Kwa Waislamu wa Kamembe na wa Bugarama, wilayani Rusizi, kuondoa nywele za kwapa na za sehemu za siri ni usafi wa mwili na ni usafi wa dini pia. Hadithi iliyopokewa kwa Anas bin Malik inaweka siku 40 kuwa ukomo wa kuziacha. Chombo cha wengi ni wembe. Leza, yaani mwanga wenye nguvu unaounguza unywele kuanzia shinani, bado ni jambo la kusikia kutoka Kigali, Nairobi au Dubai, na wenye haja kubwa nayo ni watu wa namna mbili: wanaume wanaotokwa vipele kidevuni kila wanyoapo, na wanawake wanaoota ndevu.

Wengi huanza kwa kuulizia bei. Lipo swali linalofaa kulitangulia: ngozi inayokwenda kupigwa mwanga huo imekuwa ikipakwa nini kwa miezi iliyopita?

Mwanga unaotafuta weusi

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish walieleza kanuni ambayo tiba ya leza ya ngozi imejengwa juu yake: mwanga wa kipimo fulani hufyonzwa na rangi fulani tu, na ukipigwa kwa muda mfupi sana, joto lake hubaki pale pale penye rangi hiyo. Katika nywele, rangi hiyo ni melanini. Unywele mweusi huumeza mwanga, hupata joto, na joto hilo huharibu shina linaloukuza. Katikati ya miaka ya 1990 mashine za kuondoa nywele zikaanza kupewa idhini Marekani.

Tatizo lipo wazi. Melanini iliyomo kwenye unywele ndiyo iliyomo kwenye ngozi ya Mwafrika, na mwanga haujui kutofautisha. Mashine za mwanzo ziliwafaa watu weupe wenye nywele nyeusi. Kwa wengine ziliacha malengelenge na madoa. Wataalamu hupima rangi ya ngozi kwa mizani iliyoanzishwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ambayo leo ina madaraja sita. Wakazi wengi wa Rusizi wangewekwa daraja la tano au la sita. Kwa ngozi hizo, mashine inayopendekezwa ni ile iitwayo Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanomita 1064, kwa kuwa mwanga wake hupenya chini zaidi na haunaswi sana na melanini ya juu. Vifaa vya mwanga mpana, vile vinavyouzwa hata kwa matumizi ya nyumbani, si leza, na havifai kwa ngozi nyeusi sana. Mteja ana haki ya kuuliza jina la mashine kabla ya kulipa, na mtoa huduma anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu.

Tiba hii haimalizwi kwa siku moja. Leza hukamata unywele ulio katika hatua ya kukua tu, na kwa wakati wowote nywele nyingi za mwili huwa zimepumzika. Ndiyo maana huhitajika ziara sita hadi nane, kila moja ikipishana na nyingine kwa majuma manne hadi manane. Kwa anayetoka Rusizi kwenda Kigali, kila ziara ni safari ya saa nyingi kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe, na nauli na malazi huingia katika hesabu. Hata baada ya hayo yote, nywele hupungua sana lakini si lazima ziishe. Nywele nyeupe hazisikii leza kabisa, na kwa watu wachache, hasa usoni, mwanga huo huchochea nywele nyingine kuota pembeni mwa pale palipotibiwa.

Mkorogo uliotangulia

Mwaka 2016 maagizo ya Waziri wa Afya wa Rwanda yaliorodhesha kemikali zisizoruhusiwa katika vipodozi. Mwezi Novemba 2018 Rais Paul Kagame aliandika kwenye Twitter kwamba kujichubua ni hatari kwa afya, akazitaka Wizara ya Afya na Polisi zishughulike haraka. Misako ya Polisi na Mamlaka ya Chakula na Dawa, Rwanda FDA, ilifuata katika maduka ya nchi nzima. Hata hivyo Rusizi ni wilaya ya mpakani: Bukavu iko ng'ambo ya mto tu, Burundi iko jirani na bonde la Bugarama, na vipodozi vilivyopigwa marufuku vimekamatwa mara kwa mara vikivushwa kimagendo. Kichupa kidogo hufichika kirahisi.

Ndani ya vichupa hivyo hupatikana vitu vitatu vya kuogopwa. Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza melanini, na ikitumiwa kwa miaka humrudia mwenyewe kwa mabaka ya rangi ya buluu iliyokoza ambayo hayafutiki kwa urahisi. Afrika Kusini, ambako madaktari waliyaeleza mabaka hayo mwaka 1975, iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Cha tatu ni steroidi kali kama klobetasoli, dawa halali ya hospitali ambayo hutolewa kwa majuma machache tu, lakini kwenye mkorogo hupakwa uso mzima asubuhi na jioni.

Hapo pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Steroidi ya kupaka, ikitumiwa muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi na chunusi, na huotesha nywele. Mwanamke aliyeanza mkorogo akiwa na uso laini anaweza kujiona na vinyweleo vya mashavuni baada ya mwaka mmoja au miwili. Akivinyoa, hutokwa na vipele. Vipele vikipona, huacha madoa meusi. Ili kuyafuta madoa, huongeza mkorogo. Anayefika kwa leza akiwa ndani ya mzunguko huo hupeleka ngozi nyembamba, iliyopoteza kinga yake dhidi ya jua, ipigwe joto kali. Huungua upesi na hupona polepole.

Kwa hiyo mkorogo uachwe kwanza, na si kwa ghafla kwa kila mtu. Aliyetumia steroidi kali kwa miezi mingi akiacha siku moja, uso unaweza kuwaka, kuvimba na kuwasha kuliko mwanzo, na wengi hurudia kichupa kwa kudhani kwamba kilikuwa kikiwatibu. Mganga akiambiwa ukweli ataweza kumpunguzia hatua kwa hatua. Aibu ya kutaja mkorogo mbele ya daktari ina gharama kubwa kuliko bei ya leza yenyewe.

Majuma yanayotangulia

Ngozi iliyochomwa na jua ina melanini nyingi kuliko kawaida, hivyo eneo la kutibiwa lifunikwe kwa mwezi mmoja hivi. Ni rahisi kusema; mkulima wa mpunga wa Bugarama, mvuvi wa Ziwa Kivu na dereva wa pikipiki hawana kivuli cha kujificha. Kofia pana, mtandio au shati la mikono mirefu husaidia, na eneo la kwapa halina shida hiyo.

Nywele zisinyofolewe. Koleo, uzi, nta na mchanganyiko wa sukari na ndimu vyote hung'oa shina, na bila shina leza haina cha kushika. Viachwe kwa majuma manne hadi sita. Wembe unaruhusiwa, kwani hukata juu tu, na kwa kawaida mteja huombwa anyoe siku moja kabla. Hina na piko visiwe vimepakwa mahali hapo, kwa kuwa rangi yake nayo humeza mwanga. Siku yenyewe ngozi iwe safi, bila mafuta, manukato wala poda.

Mtoa huduma aambiwe mapema kuhusu ujauzito, kuhusu makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda, kuhusu malengelenge ya mdomoni yanayorudi mara kwa mara, na kuhusu dawa zinazotumiwa. Doksisaiklini, kwa mfano, huifanya ngozi iungue upesi kwa mwanga. Kisha aombwe kujaribu sehemu ndogo kwanza na kusubiri siku kadhaa, maana kwenye ngozi nyeusi madhara huchelewa kuonekana.

Krimu ya ganzi isipakwe nyumbani kwenye eneo kubwa. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kufuatia vifo vya wanawake wawili vijana waliojipaka krimu hiyo miguuni na kuifunga kwa plastiki kabla ya leza; dawa ilipenya hadi kwenye damu.

Siku zinazofuata

Wekundu kidogo, joto na vinundu kuzunguka vinyweleo ni vya kawaida, na huisha kwa saa kadhaa hadi siku mbili. Kitambaa safi kilicholowa maji baridi kinatosha, kisha vaselini isiyo na manukato. Kuoga au kujitwaharisha kwa maji ya uvuguvugu hakuna tatizo. Maji ya moto ndiyo ya kuepukwa kwa siku mbili za mwanzo, yakiwemo yale ya chemchemi za amashyuza za Bugarama, yenye sifa ya kutibu ngozi. Spiriti ya kinyozi nayo iachwe, na ndimu pia: maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huiunguza hata kwa mtu ambaye hajaguswa na leza.

Kati ya juma la kwanza na la tatu nywele huonekana kama zinaota. Kwa kweli zinadondoka, zisivutwe. Mafuta ya kukinga jua ya kipimo cha 30 au zaidi hutakiwa kwa majuma kadhaa, na asiyeyapata ajifunike.

Malengelenge ni kuungua. Yasitumbuliwe, mgonjwa aende kituo cha afya cha karibu. Doa jeusi linalobaki baadaye kwa kawaida hufifia lenyewe kwa miezi, na hakuna wakati ambapo mkorogo hushawishi zaidi kuliko miezi hiyo.

Ndevu za mwanamke, na kidevu cha mwanamume

Mwanamke anayeota nywele nzito kidevuni au kifuani, huku hedhi yake ikiruka miezi, aanzie kwa daktari. Huenda ana tatizo la homoni linaloambatana na vifuko kwenye ovari, ambalo Shirika la Afya Duniani linasema huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Lisipotibiwa, nywele zitarudi hata baada ya leza, na fedha zitakuwa zimepotea. Nywele zikija kwa kasi pamoja na sauti kuwa nzito, asisubiri. Njia huanzia kituo cha afya kwa kadi ya mutuelle, kisha hospitali ya wilaya, Gihundwe au Mibilizi, na huko ndiko rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa ngozi au wa homoni hutolewa.

Kwa mwanamume mwenye vipele vya kidevuni au vinundu vya kisogoni, leza ya 1064 inasaidia, ila si ya lazima. Vipele hivyo husababishwa na unywele uliopinda unaorudi kuchoma ngozi baada ya kukatwa mno. Mashine ya kinyozi iliyosafishwa, ikiacha unywele wa milimita moja bila wembe kupita juu yake, huwapoza wengi ndani ya miezi michache.