Mipaka ya Afrika Darasani

Mwanafunzi wa sekondari aweza kuzitaja nchi 54 za Afrika pamoja na miji mikuu yake, naye asijue kwa nini mpaka wa Tanzania na Kenya umepinda kaskazini ya Mlima Kilimanjaro. Twaona kwamba elimu hiyo haijatimia. Mpaka ni tendo la historia. Hauna budi kufundishwa pamoja na waliouchora na sababu zao.

Watoto wengi wamesimuliwa kwamba Malkia Victoria alimtunukia mlima huo mjukuu wake, mfalme wa Ujerumani. Hadithi hiyo si ya kweli. Mpaka ulichorwa mwaka 1886, na mjukuu huyo alitawazwa mwaka 1888. Wajerumani walikuwa wamekwisha kufanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885. Waingereza nao waliitaka Mombasa. Ndipo mstari ulipovutwa kutoka mlango wa Mto Umba, ukauzunguka mlima, ukanyooka hadi Ziwa Viktoria. Wamasai na Wakuria waligawanywa pasipo kuulizwa.

Mwaka 1890 wakoloni hao waliuendeleza mpaka ng'ambo ya ziwa, kwa kufuata latitudo ya 1 kusini ya Ikweta. Mstari huo ndio uliovukwa na majeshi ya Idi Amin Oktoba 1978, akidai kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Watu wengi walipoteza maisha, na vita vikaendelea hadi 1979.

Mwanafunzi atauliza: ikiwa mipaka ni kazi ya wageni, kwa nini tuilinde? Jibu limo katika azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, lililopitishwa Cairo Julai 1964, ambalo Mwalimu Nyerere alilitetea. Nchi wanachama ziliahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwapo zilipopata uhuru. Somalia na Moroko hazikuridhia. Waliokubali hawakuisifu mipaka hiyo. Waliona kwamba kila taifa likidai ardhi ya jirani, vita havitakwisha.

Kwa hiyo mwalimu na afundishe mambo yote mawili. Mwanafunzi ajuaye tu kwamba mpaka ulichorwa na mabeberu aweza kudanganywa na mtu kama Amin. Ajuaye tu kwamba mpaka lazima ulindwe atamhesabu ndugu yake wa upande wa pili kuwa mgeni.